Shemasi aliyewahi kuwa rais

Ndugu, umeuliza kama shemasi wa Kibaptisti ni mchungaji mdogo. Hapana, ni mshirika wa kawaida aliyechaguliwa na wenzake kuhudumu. Mtazame Jimmy Carter. Rais mzima wa Marekani, lakini kwao Plains, Georgia, alikuwa shemasi wa kanisa la Maranatha: alifyeka majani uwanjani, alifundisha Jumapili, na zile sahani za mbao za kukusanyia sadaka alizichonga mwenyewe. Yeye na Rosalynn walioana 1946, wakakaa miaka 77! Ila kwangu kubwa ni la 1965, kanisa lake la zamani: mashemasi wenzake walitaka Weusi wazuiwe ibadani, akasimama kupinga. Waliomuunga mkono? Familia yake na mshirika mmoja tu.