Kuacha kazi ili uishi kwa poka?

Mdogo wangu, unasema miezi mitatu mfululizo poka ya mtandaoni, ule mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, imekuingizia kuliko mshahara, na sasa unataka kuacha kazi. Subiri kwanza. Bahati peke yake inaweza kumbeba mtu miezi mitatu. Ukiweka pesa zote ukiwa na karata mbili za A, jozi ya kuanzia yenye nguvu kuliko zote, na mwenzako ana K mbili, bado utapigwa karibu mara moja katika kila tano. Hujakosea popote, na mwenye nyumba anadai kodi yake vilevile.

Tafuta habari za Stu Ungar wa Marekani. Alitwaa ubingwa wa dunia wa poka mwaka 1980, 1981 na tena 1997, na mara hiyo ya mwisho akapata dola milioni 1, lakini nusu ikaenda kwa aliyemlipia kiingilio. Mwaka 1998 alikutwa amefariki katika chumba cha moteli Las Vegas, hana akiba. Mezani alikuwa hatari. Pesa zilimtoka kwenye kubeti na dawa za kulevya. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Pesa ya mchezo iweke akaunti tofauti kabisa na ya chakula. Andika kila unapocheza: umeingia na ngapi, umetoka na ngapi. Mwaka ukiisha na bado una faida, kaa na mkeo mwonyeshe hilo daftari kabla hujamwambia bosi lolote.