Waya, Kochi na Masikio: Fundi wa Saundi Anajibu Barua Zenu

SWALI: Fundi shikamoo. Mi na rafiki yangu tumefika mahali hatuongei vizuri kisa waya wa spika. Nilikuwa na waya mwembamba wa siku nyingi, umezunguka ukuta kama mita 10 hivi kila upande, nikaja kununua mwingine mnene wa gharama, nikafunga, nikawasha, aisee besi imerudi, mwimbaji ambaye alikuwa kama anaimba kutoka kila kona sasa kakaa katikati kabisa namuona alipo. Nikampigia jamaa nimwambie, akanijibu waya ni waya, shaba ni shaba, fizikia haina longolongo, unachosikia ni pesa uliyotoa. Nikamwambia basi njoo usikilize, utamu wa ngoma uingie ucheze, kakataa, anasema hana haja ya kuja kusikiliza kitu ambacho hakiwezekani. Huyu jamaa kasoma kila grafu iliyopo duniani ila sijawahi kumuona ameshika bisibisi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu sababu jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kujua, liko kwenye yale maneno "besi imerudi, mwimbaji kakaa katikati". Hizo dalili mbili zikija pamoja, kitu cha kwanza fundi yeyote anachofikiria ni kwamba spika moja ilikuwa imefungwa kinyume, yaani nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Spika zikiwa hivyo, koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ya huku inasukuma hewa wakati ya kule inavuta, besi zinauana hewani kabla hazijakufikia, na sauti ambayo inatakiwa ikae kati inakosa pa kukaa. Ulipofunga waya mpya ukafuata rangi vizuri na tatizo likaisha siku hiyo hiyo, sifa zote ukampa waya.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa, mi sikuwepo. Nachosema ni kwamba inaangalika. Rudisha waya wa zamani kwenye spika kama ulivyokuwa, ila usiuingize kwenye ampu (mashine inayozisukuma spika), chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kidogo tu kwenye ncha za waya huku unaangalia koni ya besi. Chanya ya betri ikigusa ule waya uliokuwa unaingia kwenye tundu nyekundu ya ampu, koni inatakiwa ichomoze kuja mbele. Fanya na upande wa pili. Koni moja ikija mbele na nyingine ikarudi nyuma, umeshampata mwizi wako, na kazi haijamaliza dakika mbili.

Sasa nije kwa rafiki yako, sababu na yeye hajapona. Anasema fizikia haina longolongo, sawa kabisa, ila hiyo fizikia hajaipiga hesabu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5 una ukinzani, yaani unavyouzuia umeme, wa kama omu 0.034 kila mita. Mita 10 kwenda na 10 kurudi ni 20, hapo una karibu omu 0.7. Spika yako ikiwa ya omu 4 umeshapoteza zaidi ya desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti) njiani, na kwa kuwa ukinzani wa spika haukai sehemu moja, unapanda na kushuka kufuatana na noti, huo upotevu haulingani kutoka besi mpaka twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba), kwa hiyo hata rangi ya sauti inaguswa. Ukiweka waya wa milimita mraba 4 upotevu unabaki chini ya desibeli 0.2. Yaani kitabu chake mwenyewe kinasema tofauti inaweza kuwepo! Angeuliza tu "huo waya wa zamani una unene gani na urefu gani", angekusaidia. Hakuuliza kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari.

Na wewe kosa lako, mdogo wangu, ni kwamba umebadilisha vitu vingi kwa mkupuo mmoja halafu ukachagua kimoja cha kukishukuru. Umebadilisha unene, umebadilisha aina, umefungua na kufunga upya viungio vya siku nyingi ambavyo huenda vilishaota kutu, na wakati unafunga lazima ulisogeza spika. Mi mtu akiniambia "nimejaribu mwenyewe" nafurahi kweli kutoka moyoni, huu mchezo umekaa na watu wanaojaribu, ila nauliza palepale, umebadilisha nini na nini umekiacha kilekile?

Nikupe la kwangu. Nilikuwa na ampu mbili, moja nilikuwa naapa ina joto flani kwenye sauti za wanawake, kitu kama blanketi, na nilikuwa tayari kugombana na mtu kwa ajili yake. Mdogo wangu akasema haya kaa hapo, akafunika meza na shuka, akawa anarusha sarafu ndo anachagua ampu, mi naandika tu A au B. Mara 16. Nikapata 15. Unaweza kufikiria nilivyotamba. Halafu yeye, mtoto wa watu hata huu ugonjwa wa saundi hana, akauliza, sauti zinalingana? Tukaweka toni ya hezi 1000 (mitikisiko 1000 kwa sekunde), tukapima kwa mita ya umeme kwenye matundu ya spika, moja inasoma volti 2.00, nyingine 2.12. Hiyo ni nusu desibeli. Huwezi kuisikia kama "kubwa zaidi", unaisikia kama "nzuri zaidi", tamu zaidi, na ndo mtego wenyewe. Tukalinganisha, tukarudia mara 16 nyingine. Nikapata 9. Nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Ampu bado ninayo na bado naipenda, ila joto lake silihubiri tena kwa mtu.

Macho nayo yana nguvu kuliko watu wanavyokubali. Mwaka 1994 watafiti wa saundi Floyd Toole na Sean Olive walitoa utafiti wao, watu 40, spika zilezile, mara wanaziona mara zimefichwa nyuma ya pazia, na alama walizotoa zilibadilika. Na wale hawakuwa watu wa kuokotwa njiani.

Kwa hiyo ushauri ni huu. Tafuta waya wa kawaida kabisa wenye unene sawa na huo mpya wako, urefu sawa, rangi zifuate, spika usizisogeze hata kidole (weka gundi ya karatasi sakafuni kama alama). Halafu mwite huyo jamaa, ila usimwite kuja kusikiliza, mwite aje abadilishe waya na kurusha sarafu, wewe usikilize. Akae usipomuona, sababu uso wa mtu unasema. Mara 16. Ukipata 12 kwenda juu, hiyo kwa kubahatisha inatokea chini ya mara 4 kwenye 100, atakuwa na kitu cha kufikiria. Ukipata 10 msikimbilie kutangaza ushindi, 10 au zaidi kwa kubahatisha tu inatokea kama mara 23 kwenye 100.

SWALI: Habari fundi, mi nina miaka 58, vijana wananiambia faili za sampuli 96,000 ni mbingu na nchi ukilinganisha na CD, wengine wanasema ni upuuzi. Nifuate nani?

JIBU: Usifuate mtu. CD tangu ilipotoka 1982 inachukua sampuli 44,100 kila sekunde, yaani inaipima sauti mara hizo, inatosha kubeba sauti mpaka karibu hezi 22,000. Sikio changa zima linaishia kama 20,000 na linashuka na umri. Pakua toni inayopanda taratibu, headfoni masikioni, sauti ya wastani tu (usiongeze eti kwa kuwa husikii, utaumiza masikio na hizo headfoni), uone yako inakata wapi. Halafu chukua faili moja la 96,000, ligeuze wewe mwenyewe kwenye kompyuta liwe 44,100, usikilize yote mawili bila kujua lipi ni lipi. Geuza faili lilelile, usilinganishe albamu mbili zilizorekebishwa na mafundi tofauti, hapo unasikia kazi ya mafundi wala siyo namba.

SWALI: Fundi, naona unasifia sana kushika bisibisi. Mi napenda kusoma, nina vitabu vya akustika, sina hata muda wa kuhamisha spika. Ina maana napoteza muda?

JIBU: Hapana jamani, tena ungejua navyowaheshimu wanaosoma. Mhandisi Neville Thiele aliandika makala yake ya boksi za spika Australia mwaka 1961, Richard Small akaiendeleza miaka ya 70, na mpaka leo mtu anayetengeneza boksi la spika anaanza na namba zao badala ya kukata mbao kumi kwa kubahatisha. Nadharia inakuonyesha pa kuchimba.

Ila ngoja nikuonyeshe inavyokufa ikikaa kwenye kochi. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Chumba changu kina urefu wa mita 4, gawanya 343 kwa 8 (huo urefu mara mbili, kwenda na kurudi), unapata kama hezi 43, hapo ndo chumba kinaanza kuvuma chenyewe, na katikati kabisa ya huo urefu ile noti inakuwa haipo, imekufa. Hii hesabu niliijua miaka! Naweza kuichora usingizini. Na kochi langu lilikuwa wapi? Katikati. Uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41, pale pale kwenye shimo, na mi miaka miwili nalalamika ampu haina nguvu, nimebadilisha ampu, nimebadilisha spika, hesabu iko kichwani na kochi halijasogea. Siku moja natafuta funguo nikainama nyuma kule karibu na ukuta muziki unapiga, nikasikia noti imejaa mpaka kwenye mbavu. Nilibaki nimeinama hapo mpaka wimbo ukaisha.

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kwa hiyo usiniambie huna muda, spika acha hapohapo zilipo. Pakua toni moja isiyobadilika, kati ya hezi 40 na 80, ipige kwa sauti ndogo, simama, tembea taratibu kutoka ukuta huu mpaka ule, kichwa kikiwa usawa wa ulipokaa. Utasikia besi inajaa, inapotea, inajaa tena, dakika tano haziishi. Kama una sabwufa (spika ya besi tupu) kuna njia nzuri zaidi, iweke hiyo sabwufa pale unapokaa, juu ya kochi kabisa, halafu wewe tambaa sakafuni kuzunguka kuta, sehemu utakayosikia besi imetulia haivumi wala haipotei, hapo ndo pa kuiweka. Kitabu chako kina sura inayoeleza kwa nini wewe na sabwufa mkibadilishana nafasi besi inabaki ileile, isome usiku wa siku hiyohiyo ukiwa bado na vumbi magotini.