Bustani ya nyuki haitaki samadi

Nilipotaka bustani ya nyuki yenye sura ya zile nyika za baridi za milimani, zilizofunikwa vichaka vifupi vya erika na kaluna, nilianza kwa kumwaga samadi. Si ndivyo tulivyozoea? Nyasi zikapanda hadi magotini, erika zikarefuka, zikalegea, zikalala chini. Porini mimea hii huota kwenye udongo fukara wenye asidi, na ufukara huo ndio unaozuia nyasi kuimeza.

Kwa hiyo pima udongo kabla hujanunua hata mche mmoja. pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) ikiwa chini ya 6, panda kaluna bila wasiwasi. Ikizidi 7, achana nayo, tafuta Erica carnea, aina ya erika ambayo huvumilia chokaa. Na ile mifuko ya udongo mweusi wa kinamasi usiiguse: unachimbwa kwenye vinamasi vya asili, ambavyo navyo ni makao ya kaluna porini.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Nilinunua kaluna za waridi zilizong'aa wiki nyingi, lakini nyuki walikuwa wanazipita tu. Siku moja nikachuma kitumba, nikakipasua kwa ukucha: kimefumba kabisa. Kumbe kuna aina zilizozalishwa makusudi vitumba visifunguke, ili rangi idumu. Mbochi haifikiki. Siku hizi nikifika kitaluni natazama kwanza nyuki wametua wapi, ndipo natoa pesa.

Panda kwa mafungu, miche mitano au saba ya aina moja pamoja, kwa sababu nyuki akishaanza na ua fulani hupenda kuendelea na hilohilo. Halafu hesabu miezi. Kwenye nchi za kaskazini, carnea huchanua majira ya baridi hadi masika, Erica cinerea huanza Juni, kaluna hufunga msimu Agosti na Septemba. Pengo la Mei mimi nimeliziba kwa Vaccinium myrtillus, kichaka kifupi chenye matunda madogo ya buluu, na matunda yake nagombania na ndege.

Kaluna ipogoe baada ya msimu wa maua, kwenye sehemu ya kijani tu. Ukikata hadi mti mkavu wa kahawia, mara nyingi haichipui tena.

Kipande kimoja cha ukubwa wa sinia nilikiacha kitupu, kinaelekea jua. Wageni huniuliza nitapanda nini pale. Masika iliyopita palijaa vitundu vyembamba kama ncha ya penseli, kila kimoja na kichuguu chake cha mchanga, na nyuki wadogo wa ardhini wakiingia na chavua miguuni.