Injini za mvuke zinasimama nikiunganisha mashine

Mkuu, kama nimekuelewa, kwenye Create, mod (nyongeza) ya mchezo wa Minecraft, injini zako zinazunguka vizuri, ila ukiunganisha magurudumu ya kusagia kila kitu kinasimama. Huo ni mzigo uliozidi uwezo, wala mod yako haijaharibika.

Vaa miwani ya mhandisi uangalie boila, yaani matangi ya maji yanayoendesha injini. Ngazi yake, yaani kiwango cha nguvu, hufuata kilicho kidogo zaidi kati ya ukubwa, maji na joto, na mara nyingi kinachopungua ni joto. Moto wa kambi au lava ni joto hafifu. Weka vichomeo vya Blaze (kiumbe wa moto wa Minecraft), uvilishe makaa bila kukatiza. Kila ngazi inataka matangi 4.

Kabla ya kuongeza injini, punguza kasi: RPM (mizunguko kwa dakika) ikiongezeka maradufu, mzigo nao maradufu. Gia kubwa ikisukuma ndogo hufanya hivyo kimyakimya! Nakili dunia yako kabla ya kubomoa.