Maswali yenu: samaki wa fungu la pembeni

Toleo lililopita nilisema humu kwamba mtu anaenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga asubuhi, anapita mafungu yote, anaishia kwa changu na nguru kwa sababu ndo anaowajua, na hela inamuisha, wakati pembeni pale kuna samaki watamu wanauzwa nusu ya bei ati kwa vile sura zao mbaya. Basi simu yangu haijatulia. Maswali ni mengi, siwezi kuyajibu yote, nimechagua haya.

Shikamoo dada. Mie nipo Makorora. Nimenunua samaki taa mara nyingi kwa sababu ni rahisi na watoto hawachomwi na miba, ila kila nikimpika jikoni kunanuka vibaya, harufu ya kama mkojo, mpaka jirani anauliza. Mama mkwe anasema sijui kuosha. Kweli?

Marahaba mdogo wangu. Mama mkwe kapatia nusu tu. Hiyo harufu haitokani na uchafu, inatoka kwenye nyama yenyewe. Taa na papa ni ndugu, wote hawana mifupa wana gegedu, na miili yao inahifadhi yurea, ile ile inayotoka kwenye mkojo, ndo inawasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi bila kukauka. Samaki akiwa hai hainuki kitu. Akifa, vijidudu vinaanza kuigeuza kuwa amonia, na kadri anavyokaa juani bila barafu ndo inazidi. Kwa hiyo kuosha kunasaidia lakini kazi kubwa ni pale unaponunua. Mnuse pale pale, usione haya, muuzaji mzuri hakasiriki. Kama harufu imeshakupiga puani sokoni basi muache, maana nyumbani haitapungua hata umuoshe na ndoo nzima.

Ukishampata mzuri mwambie mpara samaki amchune ngozi na akate mabawa vipande, ile miba ya mkia nayo hakikisha imeshatolewa, wavuvi wengi huwa wanaikata baharini maana ina sumu na inachoma vibaya sana. Nyumbani loweka kwenye maji yenye ndimu nyingi au siki, nusu saa inatosha, mwaga, suuza. Alafu mchemshe kidogo na chumvi na manjano, yale maji mwaga tena (najua wengine wanapenda supu, ila kwa taa mie siitaki), mchambue nyama itoke kwenye gegedu. Kaanga kitunguu, nyanya, pilipili mbichi, mimina nyama na tui zito na ukwaju kidogo uikate ile harufu ya mwisho. Kula na bada, ule ugali wa muhogo. Mama mkwe mwenyewe ataomba aongezwe.

Habari dada, mimi ni kijana naishi mwenyewe Chumbageni. Kuna samaki niliuziwa wanamwita kikande, nimejaribu kumpara magamba yamegoma kabisa, kisu kimekuwa butu. Huyu samaki analiwaje?

Pole mwanangu, kikande haparwi, anachunwa! Ngozi yake ni kama ya kiatu, utahangaika na magamba mpaka kesho. Ingiza ncha ya kisu nyuma ya kichwa, pasua juu mpaka mkiani, shika kwa kitambaa uvute, inatoka kipande kizima. Na ule mwiba wa mgongoni uliosimama usioshuka hata uusukume, usitumie nguvu. Nyuma yake kuna mwiba mwingine mdogo, bonyeza huo mdogo kwanza na mkubwa unalala wenyewe. Samaki mwenyewe anautumia kujikaza ndani ya mwamba asitolewe na adui. Kaniambia haya mpara mmoja mzee pale sokoni na nilipojaribu nikacheka peke yangu.

Nyama ya kikande ni nyeupe, imekaza, haivunjiki kwenye mchuzi, mie naona inamshinda changu kwa mbali, changu ana jina tu. Kwa mtu anayeishi peke yake ndo samaki wa kumtafuta.

Dada, chuchunge ana mifupa ya kijani. Nilitupa sufuria nzima nikidhani kuna sumu. Nilikosea?

Ulitupa chakula, dada yangu. Huo ukijani ni rangi tu iliyomo kwenye mifupa, ya jamii moja na rangi inayopatikana kwenye nyongo, haina madhara, na ukipika haitoki, ndo maana watu wanashtuka. Chuchunge wa kukaanga mkavu na ndimu, basi.

Nina swali kuhusu bunju. Mjomba wangu mvuvi anasema ukimjua kumsafisha, ukatoa maini na mayai, unakula vizuri tu na hufi. Na akikaushwa ndo salama zaidi. Ni kweli?

Hapana. Hapa sitanii na sitaki mtu ajaribu. Sumu ya bunju ipo zaidi kwenye maini, mayai, utumbo na ngozi lakini huwezi kuiona wala kuionja, inaweza kufika kwenye nyama pale pale unapomtumbua, na haiuliwi na moto. Uchemshe, ukaange, ukaushe juani wiki nzima, sumu ipo. Inaanza na ganzi midomoni na kwenye ulimi, inashuka mikononi na miguuni, misuli inalegea, mwisho misuli ya kupumulia inasimama, na mtu anaweza kuwa anasikia kila kitu huku hawezi kujitikisa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, hospitali wanachofanya ni kukusaidia kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, kwa hiyo aliyekula na akaanza kusikia ganzi akimbizwe saa hiyo hiyo, sio anyweshwe maziwa asubiriwe. Japani wanakula, ndio, lakini kule mpishi wake lazima asomee na apewe leseni. Mjomba mwambie shikamoo yake naiheshimu ila bunju amrudishe baharini.

Mie ni mwalimu, wanafunzi wangu wamenishinda. Eti kuna samaki mwenye miguu aliyeishi enzi za madinosaria na anavuliwa hapa Tanga, na wakauliza kama analiwa. Niwajibu nini?

Wajibu kwamba wako karibu na ukweli mwalimu. Anaitwa silikanti. Miguu hana, ana mapezi manene yenye nyama na mifupa ndani, akiogelea anayachezesha kwa zamu kulia na kushoto, ukimtazama unadhani anatembea. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alikwisha pamoja na madinosaria miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 Afrika Kusini mama mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamkuta kwenye samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Baadae wakaonekana Komoro, kule wanamwita gombessa. Kwetu Tanzania walianza kurekodiwa miaka ya 2003 na 2004, na wengi wakatoka huku Tanga kwenye majarife, zile nyavu kubwa zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia huku kwetu inashuka kusini upande wa Kigombe.

Kuliwa? Haliki. Nyama imejaa mafuta ya ajabu ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, utaharisha. Tena ni samaki anayelindwa, kumvua na kumuuza ni kosa. Wavuvi wakimkuta kwenye nyavu wanatakiwa kutoa taarifa. Anafika hata mita 2 na anazaa watoto hai badala ya kutaga, hiyo nayo wape wanafunzi, wataipenda.

Dada nikila jodari wakati mwingine uso unawaka na mwili unawasha. Mume wangu anakula hapati kitu. Nina aleji?

Inawezekana ni aleji, kamuone daktari. Ila kama ni siku moja moja tu na siku nyingine unakula sawa, mie namshuku samaki kabla yako. Jodari, vibua, nguru, hao wakikaa kwenye joto kuna vijidudu vinatengeneza histamini ndani ya nyama, ndo inayokuwasha ulimi na kukuwekea uso mwekundu na kichwa kuuma. Kupika hakuiondoi. Na haienei sawa, kipande chako kinaweza kuwa nayo cha mume wako kisiwe nayo. Nunua asubuhi, kwa mwenye barafu ya kutosha, na usimbebe kwenye mfuko juani ukaanza kupitia Ngamiani kuangalia vitenge.

Shikamoo. Samaki kangaja na puju wapo wengi sokoni ila mume wangu akiona pembe ya puju anasema huyo jini, hali. Nifanyeje?

Marahaba. Usimpeleke puju nyumbani na kichwa chake bwana, mbona rahisi. Mpe mpara akate kichwa, akate na mkia kwa kuingia ndani kidogo maana pale shinani kuna visu pande zote mbili, kangaja naye anavyo na vimeshawakata watu wengi vidole. Amtumbue hapo hapo, wanakula majani ya baharini hawa na matumbo yao yakikaa saa mbili nyama inachukua harufu, na ule utando mweusi ndani ya tumbo uparuzwe wote utoke. Muache na ngozi yake, mchanje, mpake kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, choma kwenye mkaa uliopoa kidogo, mwisho ndo umpake tui zito lililochemshwa na manjano huku unamgeuza. Ngozi itabanduka yenyewe wakati wa kula. Mume akiuliza ni samaki gani mwambie wa kupaka.