Shimanto bila ratiba? Nenda, ila soma maji kwanza

Mdogo wangu, unauliza kama ni wazimu kushuka treni popote kando ya mto Shimanto, kule mkoa wa Kochi, Japani, begi mgongoni na bila mpango. Wala! Mto wenyewe una kilomita 196, na utamu wake ni yale madaraja ya chinkabashi: yako chini, hayana kingo, ili mafuriko yapite juu na magogo yake bila kuyabomoa. Vijana wa huko hujirusha kutoka hapo wakati wa joto. Wewe teremka kwanza upime kina kwa miguu. Maji maangavu ni mwongo, unaona ya magotini, ukiingia yanafika kifuani.

Hema usilipige kwenye changarawe chini, hata kama panavutia. Mvua ikinyesha milimani usiku, mto unakufuata huku juu yako nyota zinawaka. Juni ni masika yao, na Agosti na Septemba kuna vimbunga.

Halafu ukishuka tu stesheni, piga picha ubao wa ratiba. Treni za reli ya Yodo ni za kuhesabu, ukiikosa ya jioni utalala na mbu. Beba fedha taslimu na onigiri mbili, yale matonge ya wali ya Kijapani.