Uongoze idara sasa, au usome uzamivu kwanza?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba baada ya miaka mingi ya upelelezi sasa unafundisha haki jinai chuoni, una shahada ya uzamili, na umeombwa kuongoza idara. Unauliza uikubali nafasi hiyo au usome uzamivu kwanza.

Soma kwanza. Mkuu wa idara hupanga ratiba, hutetea bajeti, husikiliza rufaa za wanafunzi na kuwatathmini wahadhiri wenzake. Wenye uzamivu watakuwa wazito kupokea tathmini ya mtu ambaye hajachapisha utafiti. Tena tasnifu inataka saa ndefu zisizokatizwa, na ofisi ile haizitoi.

Uzoefu wako usiudharau hata kidogo. August Vollmer alikuwa mkuu wa polisi wa Berkeley, Marekani, alipoanza kufundisha masomo ya polisi katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1916. Ila darasani kisa cha upelelezi kisibaki kisa tu: waulize wanafunzi ushahidi ulipatikanaje, sheria iliruhusu nini, na kama takwimu za uhalifu ule zinakubaliana na kumbukumbu zako. Wengine wao watakuwa askari, waendesha mashtaka au maafisa wa magereza, na uhuru wa watu utakuwa mikononi mwao. Ndiyo maana hili nalisisitiza kuliko suala la cheo.

Waliokuomba uongoze idara wakikubana sana, omba kuratibu programu moja tu, kwa barua yenye muda maalumu na vipindi vilivyopunguzwa.